Maji ya Moto na Mapafu Yenye Ugonjwa

SOMO LA AFYA



Leo tutazungumza juu ya mapafu, maji ya moto, na mdudu mdogo anayekaa ndani ya maji hayo. Somo hili limetokana na barua ya mzee mmoja, mkulima, msomaji wetu.

Mzee huyo aliugua kifua kikuu miaka mingi iliyopita. Alimeza dawa zote akapona. Lakini pumzi yake haikurudi kama zamani. Akipanda kilima kwenda shambani, hupumzika mara tatu njiani. Kijana wake amepata kazi katika hoteli ya watalii. Kazi yake ni kutunza bwawa dogo la maji ya moto ambamo wageni hukaa kujistarehesha. Kijana amemwambia: "Baba, wageni wakipungua nitakuombea ruhusa kwa meneja. Uje ukae ndani ya yale maji. Ule mvuke utakufungua kifua."

Mzee anatuuliza: "Je, niende?"

Swali hili ni zuri. Tusilijibu haraka haraka. Tulichambue kidogo kidogo, kama mama anavyochagua mchele. Tukifika mwisho wa somo, kila mmoja wetu ataweza kumjibu mzee mwenyewe.

JAKUZI NI KITU GANI?

Bwawa hilo dogo wafanyakazi wa hoteli huliita jakuzi. Ni kama beseni kubwa sana. Watu wanne, sita au zaidi huweza kukaa humo pamoja, maji yakawafika kifuani au shingoni. Maji hupashwa moto kwa umeme au gesi. Pampu huyasukuma kwa nguvu kupitia matundu madogo, pamoja na hewa. Hapo maji huchemka-chemka kama sufuria ya uji, ingawa hayajafika kiwango cha kuchemka. Juu yake huonekana ukungu mweupe.

Jambo moja tulikumbuke. Maji ya jakuzi hayabadilishwi kila mtu anapotoka. Maji ni yale yale. Hupita katika chujio, hutiwa dawa, kisha hurudi. Anayeingia jioni hukaa katika maji waliyokaa wenzake tangu asubuhi.

MAPAFU YETU

Ndani ya kifua tuna mapafu mawili. Kila pafu lina njia za hewa, na njia hizo hugawanyika kama matawi ya mwembe. Mwisho wa kila kijitawi kuna vifuko vidogo mno vya hewa. Mtu mzima ana vifuko zaidi ya milioni 300. Humo ndimo hewa safi huingia katika damu.

Mapafu mazima hujisafisha. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyofagia vumbi na vijidudu kuelekea kooni, nasi tukavikohoa au kuvimeza. Lakini mapafu yenye ugonjwa sugu hayafagii vizuri. Ugonjwa sugu ni ule unaokaa na mtu kwa muda mrefu. Pumu ni mmojawapo. Mwingine ni kuziba kwa njia za hewa kunakoletwa na sigara au moshi wa kuni wa miaka mingi. Wachimbaji wa migodi huharibiwa mapafu na vumbi la mawe. Tena wapo watu kama mzee wetu, waliopona kifua kikuu lakini kikawaachia makovu.

Mapafu ya namna hii ni kama nyumba iliyopoteza mlango. Mwizi ambaye angezuiwa kwa jirani, hapa anaingia bila hodi.

YALIYOTOKEA MAREKANI NA UHOLANZI

Sasa tumtazame huyo mwizi.

Mwezi wa Julai mwaka 1976, askari wa zamani wa Marekani walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Baada ya siku chache wengi walishikwa na homa kali, kikohozi na kubanwa na pumzi. Watu zaidi ya 200 waliugua na 34 walikufa. Madaktari walihangaika miezi mingi bila kujua ni ugonjwa gani. Mwezi wa Januari mwaka 1977 ndipo wataalamu walipomtambua mdudu mwenyewe. Ni bakteria anayeishi majini. Walimwita Legionela, kwa jina la chama cha askari wale. Katika hoteli ile alidhaniwa kutoka katika maji ya mitambo ya kupozea hewa.

Lakini je, mdudu huyu ana uhusiano gani na jakuzi?

Tuende Uholanzi. Mwaka 1999 yalifanyika maonyesho makubwa ya maua katika mji mdogo wa Bovenkarspel. Mfanyabiashara alileta jakuzi kuonyesha bidhaa yake. Maji yalikuwa ya moto, pampu zikivuma, ukungu ukipanda. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao. Hakuna aliyekuja pale kuoga. Hata hivyo watu zaidi ya 100 waliugua ugonjwa wa Legionela, na wapatao 30 walikufa.

Mwezi wa Septemba mwaka 2019 jambo kama hilo lilitokea tena katika jimbo la North Carolina, huko Marekani. Katika maonyesho ya kilimo na biashara kulikuwa na majakuzi ya kuuza. Watu zaidi ya 130 waliugua na 4 walikufa.

Tumeona? Wengi wao hawakulowesha hata kidole. Walivuta hewa tu. Kumbe hatari haimo katika kugusa maji peke yake. Imo katika ule ukungu. Kila tone dogo la ukungu huweza kumbeba mdudu mpaka ndani ya vile vifuko vya hewa.

KWA NINI MDUDU HUPENDA JAKUZI?

Legionela yupo katika mito, maziwa na udongo wa nchi nyingi, kwa idadi ndogo. Huko hatusumbui sana. Anapopata mambo manne ndipo huzaana sana.

Kwanza, hupenda maji ya uvuguvugu. Huzaana vizuri kati ya nyuzi joto 25 na 45. Maji ya jakuzi huwa karibu na nyuzi 38 mpaka 40. Kwake yeye hayo ni kama shamba lenye mbolea.

Pili, hupenda utelezi. Sote tunajua ule utelezi unaoota ndani ya mtungi au pipa lisilosuguliwa. Huota pia ndani ya mabomba na chujio la jakuzi, mahali ambapo jicho halifiki. Mdudu hujificha humo na dawa haimpati vizuri.

Tatu, hupenda maji yaliyokaa bila kupita. Jakuzi lililozimwa wiki nzima kisha likawashwa bila kusafishwa ni hatari.

Nne, hufurahi dawa ikiisha. Klorini, yaani dawa ya kuulia vijidudu, huisha upesi katika maji ya moto kuliko katika maji baridi. Jasho, mafuta ya mwilini na uchafu wa waogaji huimaliza upesi zaidi. Asubuhi dawa ilitosha, jioni haipo.

Dalili za ugonjwa huanza kati ya siku 2 na 14 baada ya kuvuta ukungu ule. Mtu hupata homa, kikohozi, maumivu ya kichwa na misuli, na kubanwa na pumzi. Wanaoshikwa zaidi ni waliozidi umri wa miaka 50, wavutaji wa sigara, wenye magonjwa sugu ya mapafu, na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua. Katika kila wagonjwa 10, mmoja hivi hufa. Kwa kawaida ugonjwa huu hauambukizi kutoka mtu hadi mtu. Tena una dawa. Lakini dawa za jamii ya penisilini hazimwui mdudu huyu. Ndiyo maana ni lazima kumwambia mganga: "Nilikuwa karibu na jakuzi." Maneno hayo machache huweza kuokoa maisha.

MDUDU WA PILI

Katika jakuzi chafu yumo pia mdudu mwingine. Huyu ni wa ukoo mmoja na mdudu wa kifua kikuu, lakini siye yeye. Huishi majini, na klorini kidogo haimtishi.

Mtu anayevuta ukungu wenye mdudu huyu mara kwa mara, mapafu yake hukasirika na kuvimba. Hukohoa, huchoka, hukonda, hupata homa za jioni, na pumzi huwa fupi. Wataalamu huuita ugonjwa huu pafu la jakuzi. Hauhitaji mtu mwenye kifua kibovu. Hata mwenye afya huweza kuupata.

Hapa pana mtego. Dalili zake zinafanana na kifua kikuu. Hata makohozi yakitazamwa kwa darubini, wadudu wa ukoo huu huweza kuonekana sawasawa na wale wa kifua kikuu. Kuna vipimo vingine vinavyowatenganisha. Alama moja ya kuangalia ni hii: mgonjwa hupata nafuu anapokuwa likizo, akirudi kazini hali inarudi. Tiba kubwa ni kuacha kabisa kuvuta ukungu ule. Wengine huhitaji dawa za hospitali pia.

JOTO LENYEWE

Tuseme jakuzi ni safi kabisa. Je, mwenye ugonjwa wa mapafu aingie?

Bado kuna mambo ya kufikiri. Maji yakifika shingoni huusukuma ukuta wa kifua kwa ndani. Mtu mzima haoni taabu. Lakini mwenye pumzi fupi huona kama amefungwa kamba kifuani. Joto nalo hufungua mishipa ya damu, moyo hupiga mbio, na mtu akisimama ghafla huona kizunguzungu. Anaweza kuanguka, hata kuzama. Aliyekunywa pombe ndiye hatarini zaidi. Watoto wadogo nao hawafai kuingia, maana miili yao hupata joto upesi.

Kwa hiyo anayetaka kuingia amwulize kwanza daktari wake. Maji yasizidi nyuzi joto 40. Akae dakika chache tu, maji yasimfike shingoni, na asiwe peke yake. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Akihisi kubanwa, atoke polepole. Na jakuzi liwe mahali pa wazi, si katika chumba kilichofungwa ambamo ukungu hauna pa kwenda.

KWA VIJANA WANAOFANYA KAZI HOTELINI

Vijana wengi kutoka vijijini wanafanya kazi katika hoteli za Zanzibar, Arusha, Mombasa na kwingineko. Sehemu hii ni yao. Mzazi anayeisoma ampelekee mwanawe.

1. Pima maji kwa karatasi za kupimia. Klorini isipungue miligramu 3 katika kila lita moja ya maji. Kipimo cha uchachu wa maji, ambacho wenye kazi hiyo hukiita piechi, kiwe kati ya 7.0 na 7.8. Kikizidi, klorini hukosa nguvu hata ikiwa nyingi. Pima angalau mara mbili kwa siku, na mara nyingi zaidi waogaji wakiwa wengi.

2. Usidanganyike na harufu. Watu husema, "Pananuka dawa, basi ni safi." Sivyo. Harufu ile kali hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mkojo. Ni dalili ya maji yanayohitaji kuangaliwa. Harufu hiyo yenyewe huumiza mapafu, hasa ya mwenye pumu.

3. Waogaji waoge kwanza kwa sabuni kabla ya kuingia. Mwenye kuhara asiingie.

4. Maji yamwagwe yote kila baada ya muda uliopangwa, na utelezi usuguliwe. Chujio lisafishwe na kubadilishwa kama kitabu cha mtambo kinavyoelekeza.

5. Unaposugua, fungua madirisha na milango. Usirushe maji kwa mpira wenye nguvu, maana utatengeneza ukungu ule ule unaoukimbia. Vaa glavu, miwani na barakoa nzuri inayobana uso. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.

6. Usichanganye klorini na asidi, wala aina mbili za klorini pamoja. Huzaa hewa ya sumu inayochoma mapafu papo hapo. Tia dawa katika maji. Usimwagie dawa maji.

7. Mwenye pumu au aliyepata kuugua kifua kikuu asipewe kazi hii. Amweleze msimamizi wake. Kusema hivyo si uvivu. Ni haki ya mfanyakazi kulinda uhai wake.

NA HUKU KIJIJINI JE?

Huenda msomaji akasema, "Sisi hatuna majakuzi. Somo hili ni la matajiri." Ngoja kwanza, ndugu.

Maji ya ndoo yaliyochemshwa jikoni kisha yakapozwa hayana hatari hii. Moto umekwisha kuwaua wadudu, na kopo halitengenezi ukungu. Basi oga bila hofu. Lakini tangi la plastiki juu ya paa, linalopigwa na jua kutwa, maji yake huwa ya uvuguvugu. Lifunikwe vizuri, lisuguliwe utelezi, na maji yasikae muda mrefu. Kama kuna bomba la mvua lililokaa bila kutumika, lifungulie kwanza maji yatiririke, nawe usimame mbali.

Kujifukiza nako tukuseme. Watu wengi hujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka yenye majani. Mvuke huweza kulegeza makamasi, lakini hauponyi ugonjwa wa mapafu. Mwenye pumu huweza kubanwa zaidi humo ndani. Tena watu, hasa watoto, wameungua vibaya kwa sufuria kupinduka. Mtoto asifukizwe kabisa.

Kuna pia chemchemi za maji ya moto, kama zile za Songwe karibu na Mbeya, au za Ziwa Bogoria huko Kenya. Pengine maji hayo hukaribia kuchemka. Ni ya kutazamwa kwa mbali, si ya kujitumbukiza bila kujua joto lake.

Na sasa tuseme ukweli wote. Kwa mtu wa kijijini mwenye kifua kibovu, adui aliye karibu zaidi si jakuzi. Ni moshi. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi kila siku ya maisha yake. Sigara ni hivyo hivyo. Tukiogopa ukungu wa hotelini na huku tunalala na moshi, tutakuwa tumefunga dirisha tukaacha mlango wazi.

JIBU LETU KWA MZEE

Mzee wetu, shikamoo. Umetuuliza kama uende. Jibu letu ni hapana, usiende. Mapafu yako yana makovu. Maji yale hayatayafuta makovu hayo, na ukungu wake huenda ukakuletea ugonjwa mpya. Nenda zahanati. Waeleze kwamba uliwahi kuugua kifua kikuu na kwamba pumzi ni fupi, ili upimwe upya. Huenda kuna dawa ya kukupunguzia taabu. Endelea kutembea kila siku kwa kadiri ya nguvu zako, na usikae karibu na moshi.

Lakini mzee, nasi tuna swali letu. Je, kijana wako hajambo? Wewe ungekaa ndani ya maji yale siku moja. Yeye huinama juu yake kila siku. Je, anakohoa? Je, akija nyumbani likizo hupata nafuu, na akirudi kazini huanza tena? Je, amepewa barakoa? Mwulize. Alitaka kukusaidia kwa upendo wa mtoto kwa baba. Sasa msomee somo hili, nawe umsaidie yeye.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ugonjwa sugu: ugonjwa unaokaa na mtu muda mrefu.
Ukungu: matone madogo sana ya maji yanayoelea hewani.
Utelezi: uchafu laini unaoota ndani ya vyombo vya maji.
Klorini: dawa ya kuulia vijidudu majini.
Legionela: bakteria wa majini anayeleta homa ya mapafu.

MASWALI

1. Watu wa Bovenkarspel waliuguaje bila kuingia majini?
2. Taja mambo manne anayoyapenda Legionela.
3. Kwa nini harufu kali ya dawa si dalili ya usafi?
4. Mgonjwa amwambie nini mganga wa zahanati, na kwa nini?
5. Kwa nini maji ya ndoo yaliyochemshwa hayana hatari kama ya jakuzi?

KAZI YA KIKUNDI

Zungukeni katika nyumba za wanakikundi. Tazameni matangi na mapipa ya maji: yamefunikwa? Yana utelezi? Tazameni na majiko: moshi una pa kutokea? Andikeni mliyoyaona, kisha chagueni jambo moja la kurekebisha wiki hii. Na kama katika kikundi yupo asiyeweza kusoma, msomeeni somo hili kwa sauti. Mapafu yake naye ni mawili tu.